Mwongoza watalii wa kigeni: tumfungie, tumfungulie, au tumpe masharti?

Gari la safari lenye namba za Kenya au Rwanda likiegesha asubuhi Buhoma, kwenye msitu wa Bwindi hapa Uganda, hakosi dereva wetu mmoja wa kuguna. "Hawa nao wamekuja kula kwetu." Sisi nasi tukivuka na wageni wetu kwenda kwa majirani, kuna mwenzetu wa upande wa pili anayeguna hivyo hivyo. Swali ni moja: je, mtu aruhusiwe kisheria kuongoza watalii katika nchi isiyo yake?

Mwezi Julai 2025 Tanzania ilijibu kwa maandishi. Agizo la wizara ya biashara lilitaja shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na kuongoza watalii ndani ya nchi ni mojawapo, pamoja na saluni, huduma za pesa kwa simu, ufundi wa simu na uchimbaji mdogo wa madini. Mgeni akikamatwa anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali chake cha ukaazi. Raia aliyemsaidia naye hasalimiki: milioni 5 au miezi mitatu. Serikali ya Kenya ililalamika kwamba agizo hilo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Hapa Uganda wapo waliosema na sisi tufanye vivyo hivyo, wengine wakasema tufungue kabisa tuone nani ataweza.

Ukiwa mwanachama wa chama cha waongozaji, mwenye kampuni, au kijana uliyetoka chuo cha utalii Jinja au cha wanyamapori kule Katwe, swali hili litakufikia. Nimejaribu kuziweka njia tatu upande kwa upande ili uchague ukijua unachokipata na unachokipoteza. Msimamo wangu nautaja mapema: naunga mkono mwongozaji wa kigeni aruhusiwe, kwa masharti mazito, na kazi ya ndani ya hifadhi ibaki mikononi mwa wenyeji.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani

Mabishano mengi yanapotea kwa sababu kila mtu ana mgeni wake kichwani. Mimi nawaona watu watatu tofauti.

Wa kwanza ni kiongozi wa msafara. Anatoka na kundi lake Ujerumani, Japani au Marekani, anakaa nalo wiki mbili, anarudi nalo. Kampuni ya kwao ndiyo inayomlipa. Kwenye misafara ya kutazama ndege huyu ndiye wa kawaida kabisa: kundi linamfuata yeye duniani kote, mwaka huu Uganda, mwakani Peru.

Wa pili ni dereva-mwongozaji wa nchi jirani, Mkenya au Mnyarwanda anayevuka mpaka na wageni wake ndani ya gari lake, akiwa na kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari inayotambuliwa kuvuka mipaka. Anafanya kazi siku tatu au nne kwetu kisha anarudi.

Wa tatu amehamia. Anaishi hapa mwaka mzima, ameajiriwa na kambi ya kifahari au kampuni ya michezo ya mtoni, na nafasi aliyokalia ingeweza kukaliwa na Mganda.

Wa kwanza analeta wageni ambao pengine wasingekuja bila yeye. Wa tatu anakalia kiti. Wa pili yuko katikati, na ndiye anayetugombanisha zaidi ingawa kwa maoni yangu ndiye anayepaswa kutugombanisha kidogo. Anayeandika sheria moja kwa watu hawa wote lazima atamwumiza asiyemkusudia.

Njia ya kufunga

Thailand, Uturuki na Misri zimeifanya kazi ya kuongoza watalii kuwa ya raia. Hoja yao ina nguvu, nami siidharau.

Hoja ya kwanza ni fedha. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani (gorila) hapa kwetu ni dola 800 kwa mgeni anayetoka nje, tangu Julai 2024. Katika kila kibali dola 10 zinakwenda kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi nayo inarudi kwa jamii hizo. Fedha hizo zina utaratibu. Lakini ujira wa siku wa mwongozaji na bakshishi anayopewa mwisho wa safari haziko kwenye mgawo wowote. Zinakwenda nyumbani kwa mtu. Mtu huyo akiwa wa Kabale, zinalipa karo Kabale. Akiwa wa ng'ambo, zimepanda ndege.

Hoja ya pili ni nani mwenye haki ya kulisimulia eneo. Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991, Batwa walitolewa msituni walimoishi vizazi na vizazi. Leo Mgahinga kuna njia ya msituni ambayo Batwa wenyewe ndio wanaowatembeza wageni, wakionyesha jinsi walivyowasha moto, walivyotega, walivyochimba dawa. Niliwahi kumsikia kiongozi wa msafara aliyekuja na kundi lake akianza kueleza maisha ya Batwa, kwa sauti, kwa ufasaha, huku mzee wa Kitwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na rungu lake mkononi akingoja zamu ya kusema habari zake mwenyewe. Wageni walimtazama kiongozi, hawakumtazama mzee. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila nilikasirika, na bado nakasirika nikikumbuka. Anayetaka mlango ufungwe kwa sababu ya jambo hilo namwelewa vizuri sana.

Kuna na usalama. Rwenzori inatosha kuwa mfano. Mtu aliyezoea milima ya Alps anaijua kamba na anaijua barafu, lakini hajui ni wapi barafu ya kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, imepasuka tangu mwaka jana. Barafu ile inapungua na njia inahama. Vijana wa Kikonzo, wenyeji wa milima hiyo, wanaopanda kila wiki wanajua.

Sasa gharama za kufunga. Thailand ndiko kwa kujifunzia. Sheria yao inasema mwongozaji ni Mthai, lakini makundi yanayozungumza Kichina, Kikorea na Kirusi yalipozidi waongozaji Wathai wanaozijua lugha hizo, yalizuka yale yanayojulikana huko kama waongozaji wa kukaa tu: Mthai mwenye leseni anapanda basi, anakaa kiti cha mbele, halafu mgeni asiye na leseni ndiye anayesema kutwa nzima. Raia analipwa kwa ajili ya kadi yake, hajifunzi chochote, na siku kadi ikikosa kazi hana ujuzi wa kuuza. Hebu jiulize sisi tuna waongozaji wangapi wa Kichina, Kijapani au Kijerumani wanaoweza kueleza kwa ufasaha tofauti ya sokwe wa milimani na wa nyanda za chini. Tukifunga bila kuwaandaa, vijana wetu watakuwa wa kukaa kiti cha mbele.

Gharama nyingine ni kisasi, na hili Afrika Mashariki tunalijua kwa uchungu. Kenya na Tanzania zina makubaliano ya tangu 1985 kuhusu magari ya watalii: gari la nchi moja linaishia kwenye miji iliyotajwa, haliingii mbugani upande wa pili. Kati ya Maasai Mara na Serengeti, mbuga zinazogusana, kituo cha mpaka cha Sand River kimefungwa kwa watalii tangu 1977. Nyumbu wanapita, mgeni anazungukia mpaka wa Isebania. Mwisho wa 2014 Kenya ikayazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ilibidi marais, Kikwete na Kenyatta, wakutane Namibia mwezi huo huo ndipo yaishe. Kilichoanzia kwenye basi dogo la watalii kikafika angani.

Nasi tuna la kwetu. Mpaka wa Katuna, kati yetu na Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Huo haukuwa ugomvi wa waongozaji, ulikuwa wa siasa, lakini aliyeishi Kabale miaka ile anajua mji unavyonyauka jirani asipopita. Mgeni ambaye wengi wetu tunamtegemea Bwindi anashukia Kigali, kwa sababu kutoka Kigali hadi lango la Rushaga ni mwendo wa karibu saa nne, na kutoka Entebbe ni siku nzima ya barabara. Dereva wa Kinyarwanda ndiye anayemleta mgeni huyo. Akizuiwa Katuna, wapo watakaobadilisha gari mpakani, na wapo watakaosema basi, tubaki Rwanda tuwaone sokwe wa Rwanda, hata kama kibali chao ni dola 1,500.

Njia ya kufungua

Uingereza haina leseni ya lazima. Yeyote anaweza kusimama mbele ya kundi London akaongoza. Wapo wenye beji ya Blue Badge, inayopatikana baada ya masomo marefu na mitihani, na mteja anayejali ubora anaitafuta beji hiyo mwenyewe. Wanaopenda njia hii wanasema soko litachuja.

Kwetu mfano bora wa faida ya kufungua uko Jinja. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za wageni kutoka New Zealand na Afrika Kusini ndizo zilizoanza kuwateremsha watalii kwa boti za mpira kwenye maporomoko ya Nile. Waongozaji wa mwanzo walikuwa wageni, kwa sababu hapa hakukuwa na aliyeijua kazi ile. Vijana wa vijiji vya kando ya mto walianza kwa kubeba boti, wakajifunza kuogelea kwenye maji ya kasi, wakajifunza kayaki ya uokoaji, wakakaa nyuma ya boti na kasia la nahodha. Leo ukishuka mto ule, anayekupigia kelele ya "piga kasia!" ni Mganda, na baadhi ya vijana wale wameitwa kuongoza boti kwenye mito ya nchi nyingine. Bwawa la Bujagali mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019 yalimeza maporomoko mengi mazuri, lakini ujuzi ulikuwa umeshahamia mikononi mwa watu wetu. Mlango ungefungwa mwaka ule wa kwanza, ujuzi ule ungefika lini?

Lakini angalia kilichofanya Jinja ifanikiwe. Kazi ile haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa. Na mto wenyewe uliwalazimisha wageni kufundisha: boti moja inahitaji watu wa uokoaji, huwezi kuwaleta wote kutoka Auckland. Mbugani si hivyo. Gari moja, mwongozaji mmoja, wageni sita. Mlango ukiwa wazi kabisa, mwenye kambi ya bei kubwa atamleta kijana wa kwao mwenye suruali ya kaki na lafudhi ambayo wageni wameizoea, na Mganda aliyesoma Katwe atabaki kuendesha gari na kufungua chupa za maji. Nimewaona wenzetu waliozijua ndege kuliko aliyekaa kiti cha mbele, wakinong'ona jina la ndege ili mwingine aliseme kwa sauti. Soko halikuchuja hapo. Soko liliangalia sura.

Na kisheria, mtu asiyesajiliwa popote nchini akikosea, nani atamwajibisha? Gari likipinduka kwenye hifadhi ya Murchison, mgeni akavunjika, kampuni iko Ulaya, mwongozaji keshapanda ndege. Anayebaki kuulizwa na polisi ni dereva.

Njia ya masharti

Huku ndiko ninakosimama, na wala si wazo jipya. Mwezi Februari 1991 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi dhidi ya Ufaransa, Italia na Ugiriki. Nchi hizo zilikuwa zinamtaka mwongozaji anayeandamana na kundi lake kutoka nchi nyingine mwanachama awe na leseni yao. Mahakama ikasema hapana, mwacheni afanye kazi na kundi alilokuja nalo. Ila hukumu ilikuwa na mpaka: haikugusa makumbusho na majengo ya kihistoria yanayohitaji mtaalamu wa mahali hapo, na huko nchi iliweza kuendelea kudai mwongozaji wake. Barabarani yuko huru. Kwenye hazina ya taifa anampisha mwenyeji.

Sisi tayari tunafanya jambo linalofanana na hilo bila kulipa jina. Nenda kwenye vituo vya Bwindi: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Uwe umeletwa na Mkenya, Mfaransa au mtu wa Mbarara, asubuhi mnakusanyika wote, mnagawanywa wageni wasiozidi wanane kwa familia moja ya sokwe, na kuanzia hapo anayeongoza ni askari-mwongozaji wa Mamlaka ya Wanyamapori. Yeye ndiye anayesema vaeni barakoa, simameni mbali, mna saa moja. Wafuatiliaji wametangulia alfajiri. Wapagazi wa kijijini wanakodishwa pale pale. Kiongozi wa msafara aliyevuka bahari anapanda mlima kama mgeni mwingine. Sijapata kusikia aliyelalamika kwamba huo ni ubaguzi, wala aliyesema mlango umefungwa.

Nataka utaratibu huo ukue. Anayekuja na kundi lake aandikishwe kabla ya safari, kwa ada ndogo, kwa muda wa safari hiyo tu, chini ya kampuni ya Uganda iliyosajiliwa na Bodi ya Utalii ambayo itabeba dhamana akikosea. Sheria ya Utalii ya 2008 tayari inaipa Bodi kazi ya kusajili na kutoa leseni, kwa hiyo chombo kipo. Katika kila gari awepo mwongozaji Mganda mwenye leseni, na kazi yake iandikwe kwenye mkataba: ndani ya hifadhi, kijijini na kwenye maeneo ya urithi kama makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, yeye ndiye msemaji. Kiongozi atafsiri, asisimulie badala yake. Sharti hili la mwisho ndilo linalotuepusha na waongozaji wa kukaa tu, maana mwenyeji analipwa ili aseme, halipwi kwa ajili ya kadi.

Kwa jirani wa Afrika Mashariki, masharti yawe mepesi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na Uganda, Kenya na Rwanda zimeondoa ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya. Tangu 2014 nchi hizi tatu zina viza moja ya watalii: dola 100, siku 90, mgeni anavuka kati ya nchi hizo apendavyo. Mgeni kutoka Toronto anazunguka nchi tatu kwa karatasi moja, halafu Mwafrika Mashariki anayemwendesha anaulizwa anafanya nini hapa! Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wa Jumuiya tayari wana mikataba ya kutambuliana vyeti. Waongoza watalii hawamo. Kenya ina madaraja ya shaba, fedha na dhahabu kwa waongozaji wake, na chama chetu cha waongozaji wa safari nacho kinapima wanachama wake kwa madaraja. Kulinganisha mitihani hiyo ni kazi ya mezani, ikikamilika Mkenya wa daraja la fedha afanye mtihani mfupi wa hifadhi zetu na sisi tufanye wa kwao.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja na ni mkubwa: inataka usimamizi. Kufunga ni rahisi kusimamia, unaangalia pasipoti. Kufungua hakusimamiwi kabisa. Masharti yanamtaka mkaguzi langoni mwa hifadhi ambaye anajua anachokikagua na hapokei noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Tukiweka masharti mazuri kwenye karatasi na rushwa langoni, tutakuwa tumepata mlango wazi wenye ushuru. Kwa hiyo anayechagua njia hii achague na kazi yake: kutoa taarifa, kusajili magari kwa mtandao kabla ya kufika langoni, na vyama vyenyewe kuwafuatilia wanachama wao wanaokodisha leseni zao.

Ukiweka mizani

Kwa fedha za haraka mfukoni mwa mwongozaji wa Uganda, kufunga kunashinda mwaka wa kwanza. Kwa idadi ya wageni watakaokuja miaka inayofuata, siamini. Tulipokea wageni zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2024, na bado tulikuwa hatujafikia kiwango cha 2019. Huu si wakati wa kumwongezea mgeni usumbufu.

Kwa lugha, kufungua kunashinda leo, masharti yanashinda baadaye, kwa sababu mwongozaji wetu akikaa safari kumi gari moja na Mjapani anayejua kazi, atatoka na maneno. Mimi nimejifunza majina ya ndege kwa Kijerumani kwa njia hiyo.

Kwa mgeni mwenyewe, linalomgusa ni mwendelezo. Nimeshuhudia makabidhiano mpakani: mama wa makamo ya juu, goti lake bovu, ameshazoea dereva wake kumwekea kigoda cha kupandia na kumpa mkono wa kushoto. Mizigo ikahamishwa kwa haraka chini ya jua. Dereva mpya, kijana mwema kabisa, hakuambiwa. Akafungua mlango akasubiri. Mama akabaki amesimama anatazama ngazi ya gari, anaona aibu kuomba. Njia ya kufunga inazaa makabidhiano mengi ya aina hiyo, na hayaonekani kwenye takwimu yoyote.

Kwa usawa, mimi natumia kipimo kimoja. Kanuni ninayotaka Mkenya akutane nayo mpakani Malaba, niwe tayari kukutana nayo mimi nikivuka kwenda kwake. Waganda wengi wanaodai tufunge wana ndugu anayeongoza wageni Kigali au Nairobi, na hawajamuuliza yeye anaonaje.

Kwa hiyo, wewe uchague nini?

Ukiwa unapanga safari inayoingia Tanzania, kwa sasa hakuna cha kuchagua. Sheria yao ni yao na iheshimiwe. Usimvushe mwongozaji wako akijiita rafiki wa wageni, maana faini haitakuwa ya rafiki. Tafuta Mtanzania mwenye leseni, mpe mkataba, mwandikie ukurasa mmoja kuhusu kila mgeni: chakula asichokula, dawa, viungo vinavyomsumbua, wanyama ambao bado hajawaona. Mpe nusu saa na dereva wako kabla mizigo haijahama.

Ukiwa na safari ya Kigali hadi Bwindi, mwache Mnyarwanda alete gari lake, lakini mkodishe mwongozaji wa Kabale au Kisoro aungane nao mpakani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya vibali, na mgeni atapata hadithi ya Ziwa Bunyonyi kutoka kwa mtu aliyelelewa kando yake.

Kampuni yako ikipokea makundi yenye viongozi wao kutoka Ulaya au Asia, andika kwenye mkataba nani anasema wapi. Usiogope kupoteza mteja. Viongozi wazuri wanafurahi kupumzika, na walio wabaya ni afadhali uwajue mapema.

Kijana unayeanza, usiweke tumaini lako kwenye kufungiwa wengine. Pata leseni, panda daraja, halafu chagua lugha moja ambayo wenzako hawana, uishike kwa miaka mitatu. Kwa huyo mgeni wa tatu, aliyehamia na kukalia kiti, dai jambo moja kwa sauti kubwa: kibali chake cha kazi kisirudishwe upya bila ushahidi kwamba ameandaa Mganda wa kukaa kiti hicho.

Na kwa vyama vyetu, ombi la kupeleka wizarani liwe fupi. Waongoza watalii waingizwe kwenye orodha ya taaluma zinazotambuliana vyeti katika Jumuiya. Kiongozi wa msafara apewe leseni ya safari moja chini ya kampuni ya Uganda. Kila gari liwe na mwongozaji wetu mwenye mkataba wa kusema. Na ada za leseni hizo za safari ziende moja kwa moja kwenye kuwasomesha lugha waongozaji wanaoanza, Kichina na Kijerumani kwanza, kwa sababu hapo ndipo kazi zinapotupita sasa hivi.